Pima Mzigo Kwanza, Ndipo Ununue Pikapu

(Msomaji asome polepole. Kila kikundi kiwe na daftari, kalamu na mtu mmoja wa kuandika hesabu.)

 

Leo hatutazungumza juu ya ubwiriunga wa mikorosho wala viwavi vya mahindi. Leo tutazungumza juu ya jambo linalozuka kila mwaka korosho zikishauzwa na fedha zikishaingia. Wakulima kumi au kumi na wawili hukaa chini ya mwembe wakasema: "Jamani, mwaka huu tununue gari letu wenyewe. Tumechoka kubembeleza magari ya watu." Shauri hilo si baya. Lakini gari linaweza kuinua kikundi, na gari hilo hilo linaweza kula jasho la misimu mitatu, likaishia juu ya mawe nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, kuku wakitagia ndani ya bodi. Yote mawili hutokana na jinsi lilivyochaguliwa siku ile ya kwanza.

Kwa hiyo basi, leo tutaeleza jinsi ya kuchagua pikapu ya kazi nzito, ile inayoweza kubeba mzigo, kuvuta tela, na siku ya pili yake ikampeleka mgonjwa hospitali ya Ligula bila kumwumiza zaidi.

Historia yenyewe inatufunza

Sisi watu wa kusini tunayo sababu ya kuwa waangalifu na mashine. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kwa meli, mengine mabaki ya vita. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mpango huo, na reli pia ikatandikwa kwenda Nachingwea. Lakini mashine ziliagizwa kabla udongo na mvua havijapimwa sawasawa. Udongo wa Kongwa ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji, ukamaliza majembe ya matrekta. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na baadaye reli nayo ikang'olewa.

Waliokosea hapo walikuwa watu wenye elimu na fedha nyingi. Kosa lao lilikuwa moja tu: walinunua mashine kwanza, ndipo wakauliza kazi yenyewe ikoje. Sisi wenye fedha ya korosho tu tukikosea hivyo, hatuna wa kutulipia.

Jambo la kwanza: Andikeni kazi ya mwaka mzima

Msianze na jina la gari. Anzeni na daftari. Andikeni miezi kumi na miwili, na mbele ya kila mwezi andikeni gari litabeba nini, kutoka wapi kwenda wapi.

Korosho zetu huokotwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, pengine Januari. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, mkulima hufikisha korosho zake kwenye chama chake cha msingi, ndipo zinakwenda ghala kuu na mnadani. Safari kubwa ya kikundi, basi, ni ile ya kutoka mashambani hadi chama cha msingi. Kisha kuna mpunga wa bondeni, ufuta, mbaazi na mihogo. Kuna salfa ya kupulizia mikorosho. Kuna matofali na mabati ya anayejenga. Kuna samaki na nazi kutoka upande wa pwani. Na kuna mama mjamzito saa nane ya usiku.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kikundi chenu kina gunia 200 za korosho kwa msimu. Gunia moja tulihesabu kilo 80. Lori dogo la aina ya Canter linaloruhusiwa kubeba tani 3 litachukua gunia 37 kwa safari. Gawanya 200 kwa 37, utapata safari 6. Safari sita tu! Kama kazi yote ya gari ni hizo safari sita, ndugu zangu, msinunue gari. Kodini Canter, mlipe, fedha inayobaki ipalilieni mikorosho.

Pikapu haijilipi kwa korosho peke yake. Hujilipa kwa siku zile nyingine mia tatu za mwaka, siku za mizigo midogo na abiria wachache na dawa na ndoo za samaki. Kama siku hizo mia tatu zina kazi, na kazi hiyo ina mtu wa kuilipia, hapo sasa twendeni mbele. Kama hazina, funga daftari.

Jambo la pili: Jueni gari linabeba nini kwa haki

Kila gari lina uzito wake wa jumla unaoruhusiwa. Huo ni uzito wa gari lenyewe, dereva, abiria, mafuta na mzigo, vyote pamoja. Tarakimu hiyo mara nyingi imeandikwa kwenye kibati kilichopigiliwa mlangoni au chini ya boneti, na pia katika kitabu cha gari. Toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho gari linachoweza kubeba kwa haki.

Tuchukue mfano. Kibati kinasema kilo 2,900. Gari tupu lina kilo 1,900. Kinachobaki ni kilo 1,000, yaani tani moja. Wengi wetu tukisikia tani moja tunakimbilia kuhesabu gunia 12. Ngoja kwanza! Dereva na watu wawili waliokaa mbele, kila mmoja kilo 70, ni kilo 210. Zinabaki 790. Jeki, mnyororo, koleo na dumu la maji ni kama kilo 70. Zinabaki 720. Gawanya kwa 80. Gunia 9.

Gunia tisa! Mmesikia? Na wote tumekwisha kuona pikapu ya tani moja imepakiwa gunia ishirini, na juu yake watu sita, na juu ya watu mkungu wa ndizi. Gari hilo linakwenda, ndiyo. Litakwenda leo na kesho. Kesho kutwa springi zinalala, boshi zinakwisha, chesisi inaanza kupasuka karibu na mkono wa springi, na siku moja ekseli inakatika palepale penye mteremko.

Kwa salfa hesabu ni ile ile. Mfuko mmoja una kilo 25, basi katika kilo 720 mtapakia mifuko 28. Iandikeni hesabu hiyo kwa rangi ndani ya mlango wa gari: GUNIA 9, SALFA 28. Dereva asipate nafasi ya kubishana na mwenye mzigo.

Jambo la tatu: Tela

Wengi husema: "Basi tutafunga tela nyuma, tubebe mara mbili." Hapa ndipo pana mtego mkubwa kuliko yote.

Watengenezaji wa pikapu wengi hutaja tarakimu mbili za kuvuta. Moja ni ya tela lenye breki zake lenyewe, na tarakimu hiyo ni kubwa. Kwa baadhi ya magari ya kazi nzito hufika kilo 3,500. Ya pili ni ya tela lisilo na breki, na hiyo kwa kawaida ni kilo 750 tu, uzito wa tela na mzigo wake pamoja. Muuza gari atakutajia ile kubwa. Lakini matela yanayochomelewa na mafundi wetu, mengi hayana breki. Kwa hiyo tarakimu yako wewe ni ile ndogo.

Haya, daftari. Tela lenyewe la chuma, tuseme kilo 350. Toa katika 750, zinabaki 400. Hizo ni gunia 5. Lakini bado. Mkono wa tela unalalia nyuma ya pikapu, na inatakiwa ulalie kwa karibu sehemu moja katika kumi ya uzito wa tela. Sehemu ya kumi ya 750 ni kilo 75. Hizo kilo 75 zimebebwa na pikapu, kwa hiyo ziondoe katika zile 720. Zinabaki 645, yaani gunia 8. Basi gunia 8 juu ya pikapu na gunia 5 katika tela, jumla 13.

Bila tela, gunia 200 ni safari 23. Ukiwa na tela ni safari 16. Umeokoa safari 7. Je, safari 7 zinatosha kulipa bei ya tela, matairi yake mawili, bima na namba yake ya usajili? Kila kikundi kijibu kwa umbali wake. Wa mashamba ya mbali watasema ndiyo. Wa karibu pengine watasema afadhali kurudia.

Hapa kuna mama mkulima aliyeinua mkono. Tumsikilize.

MAMA: Bwana mtangazaji, mimi nina swali. Mjomba wangu alikuwa na Land Rover, ikivuta tela lenye gunia ishirini, tukaona kwa macho yetu. Sasa wewe unatuambia tano. Gari za siku hizi ndiyo dhaifu au vipi?

MTANGAZAJI: Shikamoo mama. Swali zuri hilo. Land Rover ya mjomba ilivuta, sikatai. Hebu nikuulize na mimi: ilikuwa ikipita wapi?

MAMA: Marahaba. Ilikuwa ikipita huku huku bondeni, kwenye tambarare.

MTANGAZAJI: Na ikiteremka kutoka Nanyamba, tela limejaa, mvua imenyesha?

MAMA: Eh! Hapo mjomba mwenyewe alikuwa anatuambia tushuke wote, twende kwa miguu.

MTANGAZAJI: Basi mjomba alikuwa dereva hodari, mama. Alijua kwamba kuvuta ni kazi ya injini, lakini kusimama ni kazi ya breki. Injini ya gari moja inaweza kuvuta tani tatu. Breki za gari moja haziwezi kuzisimamisha kwenye mteremko.

MAMA: Kumbe shida si kwenda, shida ni kusimama.

MTANGAZAJI: Hapo hapo, mama. Umemaliza maneno yangu.

Asante mama. Na tuongeze hili. Mwendo ukiwa mara mbili, nafasi ya kusimama tangu breki ikanyagwe inakuwa ndefu mara nne. Anayekwenda kilomita 80 kwa saa, akishakanyaga breki, anahitaji nafasi mara nne ya yule anayekwenda 40. Tela lisilo na breki humsukuma mama yake kutoka nyuma. Dereva akikanyaga breki kwa ghafla kwenye kona, tela hujipindua upande, likalivuta gari nalo mtaroni. Kwa hiyo, kabla mteremko haujaanza, ingiza gia namba mbili au namba moja, uiache injini ikushikilie. Ukishuka kwa breki tupu, breki hupata moto, pedali inazama, na hapo hakuna tena la kufanya.

Mzigo wa tela upangwe hivi: gunia nyingi kidogo mbele ya magurudumu, chache nyuma. Ukirundika nyuma, mkono wa tela unainuka na tela linaanza kucheza kama mkia wa mamba. Kifundo cha kuvutia, lile donge la chuma lililo nyuma ya gari, kifungwe kwenye chesisi kwa boliti, kisichomelewe kwenye bampa. Weka na minyororo miwili iliyopishana chini ya mkono wa tela, ili kifundo kikikatika tela lisiende peke yake kwa watu. Taa za nyuma ziwake. Na mtu asipande katika tela hata siku moja, hata kama ni mtoto, hata kama ni karibu.

Jambo la nne: Gari gani?

Sasa tufike kwenye majina, maana najua ndiyo mnayoyasubiri. Hatumtangazii mtu biashara. Tunaeleza tu tofauti.

Kuna pikapu za kawaida za tani moja, kama Toyota Hilux, ambayo imekuwako duniani tangu mwaka 1968, na ndugu zake wa Isuzu, Nissan na Mitsubishi. Hizi hazili mafuta mengi, zinakaa vizuri barabarani, na spea zake ni rahisi kupata. Kwa kikundi kidogo chenye mizigo kama tuliyohesabu, mara nyingi hizi zinatosha. Angalieni tu kwamba zile za dizeli za miaka ya karibuni zina pampu na nozeli za mgandamizo mkubwa zinazoongozwa kwa umeme. Hizo hazitaki masihara. Dizeli ya kwenye dumu chafu, iliyochanganyika na maji, itaua nozeli, na nozeli si kitu cha bei ndogo. Chujio la dizeli libadilishwe mapema, na maji yaliyo chini yake yamwagwe mara kwa mara.

Kuna pikapu za kazi nzito hasa, kama Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo vijana wengi huiita mkonga kwa ajili ya lile bomba la hewa linalopanda pembeni. Mfululizo huo ulianza mwaka 1984. Injini yake inayojulikana sana Afrika ina lita 4.2, silinda 6, bila turbo, na pampu yake haihitaji kompyuta. Fundi mwenye spana na akili anaweza kuifungua chini ya mwembe. Nguvu yake inatoka chini, mzunguko wa injini ukiwa bado mdogo, na ndiyo inayotakiwa kwa kuvuta. Uzuri wake si kwamba inabeba gunia nyingi sana kuliko Hilux. Uzuri wake ni kwamba chesisi, ekseli na difu zake zinavumilia barabara mbaya kwa miaka mingi. Ubaya wake ni bei, hata iliyokwisha tumika, na ulaji wa mafuta.

Na Land Rover ya mjomba? Land Rover ilianza mwaka 1948, na ile ya umbo la zamani, Defender, iliacha kutengenezwa Januari 2016. Bodi yake ni ya aluminiamu, haipati kutu kwa urahisi, lakini chesisi ni ya chuma, na chuma cha pwani mnakijua. Anayeinunua leo awe na fundi anayeijua, na asione aibu kupapasa chini.

Vijana pia wameona kwenye simu zao pikapu kubwa za Marekani, zinavuta matela ya ng'ombe kumi. Ni kweli ni magari ya nguvu. Lakini huko tela lenye ng'ombe lina breki zake lenyewe, na usukani wa gari uko kushoto, wakati sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Injini zao mpya za dizeli zinataka mafuta safi mno na dawa maalumu ya kusafishia moshi. Likikufia Kitaya, spea utaitafuta wapi? Gari linalofaa ni lile ambalo spea zake zinafika kwa basi la kesho.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua gari, chagueni fundi. Nendeni Mtwara mjini, waulizeni mafundi wawili au watatu: "Gari gani unalitengeneza kila wiki?" Kisha ingieni maduka ya spea mwulize bei ya vitu vitano: sahani ya klachi, bea za gurudumu, shokapu, nozeli moja na tairi moja. Andikeni. Gari ambalo vitu vitano hivyo vinapatikana siku hiyo hiyo, na bei yake mnaweza kuitamka bila kushika kichwa, ndilo gari lenu.

Jambo la tano: Barabara yetu

Barabara kuu ya Mtwara, Newala na Masasi ina urefu wa kilomita 210, na imekuwa ikiwekwa lami kipande kwa kipande. Kile cha Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, ni cha lami. Lakini gari la Kitaya haliishi kwenye lami. Linaishi kwenye udongo mweusi wa bondeni, ambao mvua ikinyesha unanata kama ugali wa muhogo, na kwenye kichanga cha mashamba ya mikorosho.

Kwa hiyo chukueni gari linalovuta magurudumu yote manne, na lenye gia nzito ya pili kwa ajili ya matope na miteremko. Lakini msidanganyike. Magurudumu manne hayaliwezeshi gari kuelea. Maji ya bonde yakijaa, dereva ashuke aende kwa miguu kwanza, apime kwa fimbo. Asipoweza kupita kwa miguu, asipite kwa gari.

Kwenye kichanga, punguza upepo wa matairi. Tairi la upepo wa 35 linaweza kushushwa hadi 20 kama gari halina mzigo mkubwa, likakanyaga kwa upana kama wayo wa ngamia. Lakini ukifika barabara ngumu, simama, jaza tena. Tairi legevu kwenye lami hupata moto na kupasuka. Kwa hiyo pampu ya upepo na kipimo chake ni mali ya gari, visiazimwe.

Jambo la sita: Siku ya mgonjwa

Tulisema gari hili ni la kila siku pia. Hapa pana mvutano. Springi ngumu za mzigo, gari likiwa tupu, zinarusha. Gunia halilalamiki, lakini mama mwenye uchungu atalalamika, na ana haki. Kwa hiyo gari likiwa tupu, upepo wa matairi ya nyuma upunguzwe hadi kipimo cha gari tupu kilichoandikwa mlangoni, na mwendo uwe wa taratibu. Mgonjwa akae mbele, asilazwe nyuma kwenye bodi.

Wengine watauliza juu ya pikapu ya milango minne. Inafaa kwa abiria, lakini bodi yake ya nyuma ni fupi, na uzito wa viti na watu unakula uzito wa gunia. Rudini kwenye daftari la miezi kumi na miwili. Kama abiria ni wengi kuliko gunia, nunueni ya milango minne. Kama gunia ni nyingi, nunueni ya milango miwili. Gari la kumpendeza kila mtu halijatengenezwa.

Jambo la saba: Siku ya kununua

Gari lililotumika likaguliwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto, ulizeni kwa nini. Likiwashwa, tazameni moshi. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Moshi mweusi usiokwisha ni mafuta mengi au nozeli mbovu. Moshi mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto ni dalili ya maji kuingia ndani au dizeli isiyoungua.

Laleni chini ya gari. Gongeni chesisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa na kutu husema kwa sauti ya debe bovu. Magari ya pwani yaliyozoea mchanga wa baharini yaangaliwe zaidi. Fungueni nati ya difu mtazame oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, gari limezama majini na maji yamo.

Kisha lipakieni. Ndiyo, lipakieni gunia tisa, mlipandishe mlima na kuliteremsha. Gari tupu ni kama mgeni siku ya kwanza, kila mmoja ana adabu.

Mwisho, namba ya chesisi na ya injini zifanane na kadi. Fedha isitoke mkononi kabla hamjahakikisha Mamlaka ya Mapato kwamba gari halidaiwi. Tela nalo lisajiliwe na likatiwe bima. Waulizeni askari wa usalama barabarani daraja la leseni linalotakiwa kwa dereva wa gari na tela.

Gari likishafika

Wekeni daftari la safari: tarehe, dereva, mzigo, kilomita, mafuta, fedha iliyoingia. Ili kujua ulaji wa mafuta, jaza tenki hadi juu, tembea, kisha jaza tena hadi pale pale. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Fanyeni hivyo gari likiwa tupu, likiwa na mzigo, na likiwa na tela. Tarakimu hizo tatu ndizo zitakazowapa nauli ya haki, wala si kelele za mkutanoni.

Na kila safari iweke kando akiba ya matairi na ya matengenezo. Akiba hiyo si faida. Mkiigawana kama faida, mnakula gari lenyewe kipande kwa kipande, leo tairi, kesho klachi, mpaka mnafika kwenye mawe na kuku.

Ndugu wakulima, neno letu la leo ni fupi. Gari lichaguliwe kwa mzigo wa kila siku, kwa barabara yake na kwa fundi wake, na lipimwe zaidi kwa kusimama kuliko kwa kwenda. Haba na haba hujaza kibaba. Gunia tisa tisa zitafika zote. Gunia ishirini kwa mara moja, wakati mwingine hazifiki, na aliyekaa juu yake naye hafiki.

Kwaherini, hadi kipindi kijacho.

Maswali ya kikundi

1. Andikeni kazi za gari kwa miezi kumi na miwili. Ni siku ngapi zina kazi yenye mlipaji?

2. Kikundi chenu kina gunia ngapi? Ni safari ngapi kwa Canter ya kukodi, ngapi kwa pikapu, na ngapi kwa pikapu na tela?

3. Katika njia ya kutoka mashambani kwenu hadi chama cha msingi, mteremko mbaya uko wapi? Gari lenye tela litaingia gia namba ngapi, na kuanzia mti gani?

4. Nani atashika daftari la safari, na nani atashika akiba? Kwa nini wasiwe mtu mmoja?